Mtungi Uliopimwa Mara Mbili

Kazi yangu ilikuwa kupima presha. Nikisema hivyo, hata leo, watu huanza kukunja mikono ya mashati. Mwaka niliopanga chumba Kiwalani, bibi mmoja wa nyumba ya pili alinijia siku ya tatu tu baada ya kuhamia kwangu, akakaa barazani, akaninyooshea mkono wake mwembamba na kuniambia kichwa kinamgonga tangu juzi. Ikanibidi nimweleze kwamba sipimi watu, napima mitungi ya chuma. Alinitazama kitambo, akaurudisha mkono ndani ya khanga, akauliza kama mitungi nayo huumwa. Nikamjibu kuwa huumwa, na mingine hufa kabisa. Nadhani aliwapasha wenzake habari kwamba mpangaji mpya akili hazimtoshi.

Sikuhangaika kumwelewesha. Nina tabia hiyo tangu utoto: mtu akinielewa vibaya namwacha hivyo hivyo, kisha nalalamika kimoyomoyo kwamba sina wa kunielewa. Ni tabia ya kijinga, lakini nimezeeka nayo.

Karakana yetu ilikuwa Temeke, upande wa viwanda, na ilikuwa mali ya umma kama vitu vingi vya miaka ile. Mbele walikuwa wachomeleaji na mafundi wa mashine, wakipigiana kelele na kutaniana kutwa nzima. Mimi nilikuwa nyuma, peke yangu, katika chumba cha ukuta mnene wa zege chenye tundu moja la kioo kizito. Mlangoni kulikuwa na kibao cha maandishi mekundu: asiingie mtu ila mpimaji. Mtungi ukipasuka wakati wa kupimwa unaweza kuondoka na mguu wa mtu, kwa hiyo wenzangu walikitii kibao kile kuliko walivyoitii kengele ya kuingia kazini. Hata chai yangu walikuwa wanaiweka nje kwenye benchi, wanagonga mlango mara moja, wanakwenda zao. Nikitoka nakuta kikombe na migongo yao.

Mitungi iliyonijia ilikuwa ya namna nyingi, ya hewa ya wagonjwa, ya gesi ya kuchomelea, ya kuzimia moto. Kila baada ya miaka mitano mtungi lazima upimwe upya, na bila muhuri wangu hakuna aliyeruhusiwa kuujaza. Unafungua valvu, unaingiza taa ndogo yenye waya kuangalia kutu ya ndani, unaujaza maji pomoni, kisha unauzamisha katika pipa la chuma ambalo nalo limejaa maji, unafunika na kukaza bolti. Halafu unasukuma pampu. Chuma kikibanwa kutoka ndani hutanuka kidogo, jambo ambalo watu wengi hawaliamini, na kule kutanuka kwake kunayasukuma maji ya pipa yapande katika bomba la kioo lenye alama. Unasoma alama, unasubiri, unaachia presha, maji yanashuka. Mtungi mzima maji yake hushuka karibu yote, maana chuma kimerudi mahali pake. Yakibaki juu zaidi ya sehemu moja ya kumi ya yale yaliyopanda, chuma hicho kimechoka na mtungi haufai. Hapo unazifuta namba zake kwa patasi na kuutoboa kwa keekee, asije mjanja akaujaza.

Aliyenifundisha alikuwa mzungu mzee aliyekuwa anafunga virago, kwani uhuru ulikuwa umeshapatikana na mkataba wake umefika mwisho. Alinipa wiki tatu, funguo, na koti la kazi lililonipwaya mabegani. Katika yote aliyonifundisha, moja alilirudia kila siku mpaka likanichosha: mtungi ukishindwa, usiupime tena siku hiyo wala siku nyingine. Chuma kilichokwisha kutanuka kupita kiasi hakitanuki tena vile. Ukikibana mara ya pili maji yatashuka vizuri tu, na wewe utadhani umepona, kumbe ni ule ule mgonjwa. Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Mpiga mbizi alikuja katika mwaka wangu wa tatu au wa nne pale. Alikuwa mtu wa Mafia, amenizidi umri kiasi cha miaka ishirini, mfupi, mpana wa kifua, na alikuwa akikaa Mtoni. Alileta kwa mkokoteni mitungi miwili ya chuma ya kupigia mbizi, mizito, ya zamani, aliyoachiwa na mwajiri wake wa kizungu alipoondoka nchini. Kwa mitungi hiyo yeye na mwenzake mmoja walikuwa wamepata kazi ya kushuka chini ya meli bandarini, kukwangua kombe na kukata kamba zilizonasa kwenye pangaboi. Wenzangu walimwelekeza kwangu, wakarudi haraka.

Alikaa kwenye benchi la nje, nikamwambia kupitia mlangoni kwamba itachukua siku nzima, bora aende arudi kesho. Hakuondoka. Baada ya muda nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, "Mwanangu, kosa gani wamekutia ndani kama mwali?"

Nilicheka peke yangu mle ndani, mkono ukiwa kwenye pampu. Nilikuwa sijataniwa na mtu kwa miezi mingi. Mitungi yake yote miwili ilifaulu siku hiyo. Niligonga mwezi na mwaka begani mwa kila mmoja, nikamsaidia kuipakia, naye akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Tangu hapo akawa anapita Ijumaa. Akitoka kuswali alikuwa anashika njia ya Mtoni, anaingia karakana, anakaa kwenye benchi langu na mfuko wa kashata au mihogo ya kukaanga. Siku ya Ijumaa sikupima kitu mchana; nilijipangia kazi ya kukausha na kupaka rangi ili mlango uwe wazi. Meneja alidhani huo ni utaratibu wa mzungu, nami sikumsahihisha. Tulizungumza yanayozungumzwa na watu: mvua, kiungulia, mke wake aliyekuwa hodari wa kugomba. Alinieleza habari za chini ya meli. Alisema kule husikii kitu ila pumzi yako mwenyewe, na hata ukiwa na mwenzako hatua mbili pembeni, uko peke yako. Nikamwambia hata chumba changu kiko hivyo. Akasema angalau mie nina chai.

Mimi sikuwa na mwingine. Nilikuwa nimekuja mjini kutoka Newala kwa masomo ya ufundi, nikaajiriwa kabla sijajua mtu anakwenda wapi Jumapili. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wachongaji wa mpingo, wanakaa pamoja na kula pamoja. Niliwatembelea mara mbili tatu. Wao walizungumza magogo na tupa, mimi nikazungumza bolti, tukabaki tunatazamana. Nikaacha kwenda, nao wakasema najiona. Baadaye vijiji vikaanza kuhamishwa ili watu wakae pamoja, na wazazi wangu wakahama na wenzao, nami sikujua wamepelekwa upande gani. Barua zangu mbili zilirudi, bahasha zimechakaa kwa kupita mikononi mwa watu. Nilizichukua posta nikatembea nazo mpaka Kiwalani, nikazifungua na kuzisoma mwenyewe kitandani, salamu zote mpaka ya mwisho, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuzisoma. Walikuja kujulikana walipo baada ya mwaka na nusu. Mama alikuwa ameshazikwa.

Nayasema haya si kwa kujitetea. Nayasema kwa sababu ndivyo nilivyokuwa wakati mitungi ile iliporudi mara ya pili.

Ilirudi kabla ya siku yake. Mzee yule alihesabu miaka kwa mifungo, yaani kwa mwezi mwandamo, kama wazee wengi wa pwani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na miaka ya hesabu hiyo ni mifupi kuliko ya kalenda ya ukutani. Kwa hiyo miaka yake mitano ilitimia karibu miezi miwili kabla ya yangu. Nilimcheka, nikamwambia yeye ndiye mteja pekee nchini anayekuja kabla hajaitwa. Akasema kwa Mungu ndiko kwenye kalenda ya kweli, yangu ni ya duka la nguo. Aliiacha mitungi asubuhi akaenda kazini, akasema atapita alasiri.

Wa kwanza ulifaulu. Wa pili, nilipoingiza taa, niliona vishimo vya kutu chini kabisa, vimekusanyika upande mmoja. Nikaupima. Maji yalipanda juu kuliko nilivyotegemea, nikasubiri, nikaachia presha, yakashuka mpaka mahali fulani yakasimama. Niligonga kioo kwa ukucha. Hayakusogea. Nikapiga hesabu mara tatu, kisha nikachukua kadi yake, nikaandika namba ya mtungi na vipimo, na chini, kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa, nikaandika UKATALIWE.

Nilikuwa nimeshashika patasi. Halafu nikakaa chini.

Nilijua kitakachofuata. Bandarini mtu haruhusiwi kushuka peke yake, kwa hiyo mtungi mmoja ni sawa na kukosa yote. Mitungi mipya haikupatikana. Siku zile hata sindano ya cherehani ilikuwa ya kutafuta. Na mtu asiye na kazi ya kuonyesha mjini alikuwa anaambiwa arudi shamba. Yeye mwenyewe alishaniambia mara nyingi, kama mzaha, kwamba siku mitungi ile ikimkataa anapanda jahazi anakwenda kwao kuangua nazi, na mke wake atamgombeza huko huko. Nikaiona Ijumaa itakayofuata. Benchi, mlango wazi, mimi na brashi ya rangi.

Nikaurudisha mtungi ndani ya pipa, nikakaza bolti, nikasukuma pampu mara ya pili.

Maji yalishuka vizuri tu. Nikaandika kadi mpya kwa vipimo vipya, nikagonga muhuri begani mwa mtungi, nao ukatoka safi, jambo ambalo limenisumbua kuliko kama ungepinda. Kadi ya kwanza sikuichana. Niliitia nyuma kabisa ya sanduku la kadi za mwaka ule. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka ukweli uwe umeandikwa mahali, hata kama hakuna wa kuusoma.

Alipokuja alasiri aliuliza upi una afya zaidi. Lilikuwa swali la maongezi tu. Mimi nilikuwa mwongo mchanga, nikazidisha. Nikaupiga kofi ule mbovu nikasema huu ndio mzima kuliko mwenziwe. Kisha nikamsihi wasiijaze mpaka mwisho, yote miwili, waache robo. Hakuuliza sababu. Aliniambia ahsante mwanangu, akasukuma mkokoteni wake.

Miaka iliyofuata sikuifaidi. Kila Ijumaa, kuanzia saa saba mchana, nilikuwa nasikiliza miguu getini. Akichelewa, namwona chini ya meli, namwona kwenye pampu ya kujazia, mtungi unapasuka mgongoni mwake. Akitokea na kashata zake, nafurahi kiasi cha kuropoka, naye ananiuliza kama nimekunywa kitu. Mara kadhaa niliamua kumwambia. Nilikuwa nasema, akimaliza kula. Akimaliza kula nasema, Ijumaa ijayo.

Alikuwa hajui kusoma herufi hizi za kizungu. Alisoma Kurani, na jina lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini kibao cha mlangoni kwangu alikijua kwa rangi tu. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inasoma. Watu wazima walikuwa wanakwenda ngumbaru jioni na madaftari yao kwapani, na mwenye kujua alitakiwa kumfundisha asiyejua. Yeye aliona haya. Alisema mtu wa umri wake hawezi kukaa kwenye dawati la watoto magoti yakamfika kidevuni. Ni mimi niliyemshawishi. Nilimwandikia herufi kwa chaki kwenye matumbo ya mitungi iliyokuwa inasubiri rangi, mtungi mmoja silabi moja, naye akawa anazungusha macho kutoka ba mpaka bu. Alipoanza kushika, akaenda darasani mwenyewe, na baada ya hapo hukuweza kumnyamazisha. Alisoma mabango, mifuko ya saruji, gazeti lililofungiwa mihogo. Nilikuwa najivunia kama vile nimemzaa mimi. Wazo la ile kadi halikunijia hata mara moja.

Mara ya tatu alikuja tena kabla ya siku, na safari hii sikumcheka. Mvua ilikuwa inanyesha, nikamkaribisha mezani kwangu, kwenye kijichumba cha mbele ya ule ukuta wa zege, mahali zilipokuwa kadi na rafu zangu. Alitaka kushuhudia, alisema, sasa kwa kuwa ni msomi. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimechoka kusikiliza miguu getini. Ule mtungi nitaukataa leo, nikajiambia, na ukikataliwa leo la zamani halitajulikana. Ataondoka akiwa mzima, nami nitabaki peke yangu kama nilivyostahili kubaki miaka mitano nyuma. Nilijiona mtu mwema kabisa nilipokuwa naingia mle ndani na mtungi begani.

Nilifunga mlango, nikapima. Maji yalipanda, na nilipoachia presha yalishuka kidogo tu yakakaa pale. Chuma kilikuwa kimekwisha. Nilisimama nikiyatazama yale maji, nikawaza kwamba kwa mtungi wa namna hii mtu amekuwa akishuka kila wiki. Kisha nikaanza kujipanga maneno. Nilipanga kusema, mzee, kila kitu kina mwisho wake.

Nilipotoka alikuwa ameinamia meza, miwani yake iliyofungwa uzi iko puani. Alikuwa amelishusha sanduku la kadi za zamani na kuanza kujisomea, kama alivyosoma kila kilichokuwa na herufi. Namba za mitungi yake alikuwa anazijua kwa moyo miaka mingi kabla hajajua kusoma, kwa hiyo alizitafuta hizo. Kadi mbili zilikuwa zimelala mbele yake, namba moja. Kidole chake kilikuwa chini ya kadi ya nyuma, kinakwenda polepole, kama walivyofundishwa.

"U. Ka. Ta. Li. We," alisoma. Akaanza tena, safari hii bila kukata. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, nimelisoma sawasawa neno hili?"

Ningeweza kumwambia amekosea. Bado alikuwa mwanafunzi, angeniamini. Nilimwambia amelisoma sawasawa.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mikono inachuruzika maji. Nilimweleza vishimo vya kutu, na vipimo vya kwanza, na kwamba nilipima mara ya pili huku nikijua mara ya pili ni uongo. Akauliza kwa nini. Nikasema niliogopa atakwenda Mafia. Hakuelewa. Ikabidi nimwambie waziwazi neno ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima mwenzangu, si kabla wala baada: kwamba sikuwa na mwingine, na kwamba nilikuwa naogopa Ijumaa bila yeye. Nililisema vibaya, kwa kukatakata, nikiangalia sakafu.

Mvua ilikuwa inapiga bati na wachomeleaji walikuwa wanaimba huko mbele. Aliivua miwani.

"Ulinambia huu ndio mzima kuliko mwenziwe," alisema.

Nikakubali.

"Basi mie nikampa mwenzangu. Siwezi kuvaa kizima mie, nikamvika mwenzangu kibovu. Miaka yote mitano kavaa yeye."

Nilikuwa simjui mwenzake. Nilimwona mara moja tu, kijana mrefu mwenye kigugumizi, aliyekuja kusaidia kusukuma mkokoteni na hakuthubutu kuvuka kibao. Miaka mitano nilimwogopea mzee, nikamwona akifa kila Ijumaa mchana, na mtu aliyekuwa amebeba ule mtungi mgongoni alikuwa mwingine kabisa, ambaye sikuwahi kumwaza hata kidogo. Mtu wa pwani hujichukulia kilicho duni, kizuri anampa mwenzake. Nililijua hilo. Kashata nzima alikuwa ananipa mimi, yeye anakula zilizovunjika.

Nikamwomba radhi. Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira.

"Ungenidanganya mie peke yangu, ningesema yamepita," aliniambia. "Hili si langu kulisamehe. Nenda kwa mwenyewe ukamwombe."

Aliniambia niutoboe mbele ya macho yake. Nikauleta nje, nikauegemeza kwenye jiwe, nikazifuta namba kwa patasi, mihuri yangu yote na ule wa uongo, kisha nikaushindilia keekee mpaka ukatoboka. Alisubiri mpaka mwisho. Mtungi mzima ulikuwa umebaki kando ya mkokoteni, nikainama nimsaidie kuupandisha kama siku zote.

"Acha, ndugu," alisema.

Msomaji wa leo ataona ni neno zuri. Miaka ile tulikuwa ndugu wote: ndugu meneja, ndugu mweka stoo, ndugu karani usiyemjua na asiyekujua, kila barua ya ofisi ilianza na ndugu. Lilikuwa neno la kumwita mtu usiyetaka kumwita kitu kingine. Yeye hakuwahi kuniita hivyo. Kwa karibu miaka kumi nilikuwa mwanangu, hata mbele ya wenzangu, mpaka wengine wakadhani kweli kanizaa. Aliupandisha mtungi mwenyewe, kwa goti, akatoka mvuani na mkokoteni ukiyumba upande mmoja.

Kwa mwenzake sikwenda. Nilifika mpaka geti la bandari mara moja, nikamwona mlinzi akinijia kuniuliza namtaka nani, nikageuka. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, kama nilivyozoea kujiambia. Ijumaa niliendelea kuuacha mlango wazi kwa miezi kadhaa, halafu meneja mpya akauliza kwa nini mitungi haipimwi siku hiyo, nikaanza kuipima.

Niliamini mzee amekwenda kwao. Nilimwona kichwani akiangua nazi, nikapata hata nafuu kidogo, kwamba angalau lile nililoliogopa limetokea na kwisha. Kumbe hakwenda popote. Baada ya kama mwaka na nusu nilisikia kuna sukari kwenye duka la ushirika la Mtoni, nikatembea mpaka huko na kikapu changu, nikaunga foleni nyuma ya mzee mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alipogeuka kuangalia jua, nikaona ni yeye. Mtu wa mbele yake alikuwa anazungumza naye habari za darasa la ngumbaru la pale kwenye tawi la chama, na kutokana na maongezi yao nikafahamu kwamba sasa anafundisha yeye, na mchana anashona nyavu, na hajahama nyumba. Muda wote ule alikuwa pale pale Mtoni, mwendo wa miguu kutoka kwangu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, ndugu," aliitika vizuri, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mtu yeyote, akageuka mbele.

Foleni ilikuwa ndefu na ilikwenda polepole. Tulisimama hivyo zaidi ya saa nzima, mimi nyuma yake, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega, nikasubiri ageuke tena, na hakugeuka.